Kurudi kwa Masharti: Uhamisho wa Ng'ambo na Fuvu la Mtwa Mkwawa

Tarehe 19 Juni 1954 Gavana wa Tanganyika, Sir Edward Twining, alimkabidhi Chifu Adam Sapi Mkwawa fuvu la kichwa cha binadamu. Makabidhiano hayo yalifanyika Kalenga, palipokuwa na ngome ya babu yake chifu huyo, si mbali na misheni ya Tosamaganga. Fuvu lilikuwa limetoka Bremen, Ujerumani. Serikali ilitangaza kuwa ni la Mtwa Mkwawa, aliyejipiga risasi tarehe 19 Julai 1898 ili asiangukie mikononi mwa Wajerumani akiwa hai. Kwa kawaida tukio hilo huelezwa kama ukurasa wa mwisho wa vita vya Wahehe na Wajerumani: nyara imerudi, hesabu imefungwa.

Sura hii inalisoma tukio hilo kwa namna nyingine. Inaliweka ndani ya historia ya uhamisho wa kisiasa, yaani ile desturi ya dola za kikoloni ya kuwavusha bahari watawala waliozipinga na kuwaweka mahali ambapo sauti zao hazingesikika nyumbani. Maandishi juu ya desturi hiyo yamejikita zaidi katika kuondolewa: kukamatwa, safari, kisiwa, upweke. Kurudishwa kumechukuliwa kama huruma, au kama kumalizika tu kwa adhabu. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba kurudishwa kulikuwa nusu ya pili ya adhabu ileile. Aliyerudishwa alirudi kwa siku, njia na masharti yaliyopangwa na wengine, kiti chake kikiwa kimekwisha kukaliwa, na mara nyingi hakufika pale alipoondolewa.

Pingamizi moja halina budi kujibiwa mapema. Mkwawa hakuhamishwa, alifia katika nchi yake. Kilichosafiri ni mfupa. Lakini katika Uhehe mamlaka ya mtwa hayakuishia katika uhai wake. Makaburi ya watawala yalikuwa mahali pa tambiko, na aliye hai alitawala akiwa na waliotangulia nyuma yake. Kukikata kichwa cha mtwa na kukipeleka ng'ambo kulikuwa ni kumtoa katika safu hiyo. Kwa watu wake, mfu huyo alikuwa ameondolewa nchini kwa maana iliyo karibu kabisa na ile ya mfalme aliyepakiwa melini akiwa hai.

Makaburi mawili ya Sheikh Yusuf

Desturi yenyewe ilikuwa na umri mkubwa katika Bahari ya Hindi kabla Waingereza na Wajerumani hawajaigawana pwani ya Afrika Mashariki. Walioifanya kuwa mtambo wa kawaida wa utawala ni Waholanzi. Kampuni yao ya India Mashariki, iliyotawala kutoka Batavia (Jakarta ya leo), iliwapeleka watawala, wana wa wafalme na wanazuoni hadi Ceylon na Rasi ya Tumaini Jema. Njia zilezile zilizobeba viungo zilibeba wahamishwa.

Mfano unaofaa kwa hoja hii ni wa Sheikh Yusuf wa Makassar. Mwanazuoni huyo alikuwa upande wa Sultani Ageng wa Banten katika vita dhidi ya Kampuni, akakamatwa mwaka 1683. Mwaka uliofuata alipelekwa Ceylon. Huko aliendelea kuandika, na mahujaji waliopita kisiwani walibeba maneno yake hadi nyumbani. Kwa hiyo umbali ule ulionekana hautoshi. Mwaka 1694 alivushwa tena, safari hii hadi Rasi, pamoja na watu 49 wa nyumba na wafuasi wake, akawekwa Zandvliet, nje ya mji wa Cape Town, mbali na bandari. Alifariki mwaka 1699. Miaka sita baadaye mabaki yake yaliruhusiwa kurudi Gowa, katika kisiwa cha Sulawesi.

Hapo ndipo penye jambo. Kampuni ilikataa kumrudisha akiwa hai, ikakubali alipokuwa hawezi tena kusema. Hata hivyo, leo Sheikh Yusuf ana makaburi mawili yanayozuriwa, moja Gowa na jingine karibu na Cape Town, katika eneo lililokuja kuitwa Macassar. Waislamu wa Rasi hawakukubali kwamba ameondoka. Karibu karne moja baadaye Tuan Guru, mwana wa ukoo wa kifalme wa Tidore, aliyefungwa katika kisiwa cha Robben kuanzia mwaka 1780, alipoachiliwa alianzisha madrasa na msikiti mjini Cape Town. Waholanzi walidhani wanatupa watu mahali patupu. Walipanda jamii.

Waingereza walipoitwaa Rasi kutoka kwa Waholanzi walirithi pia mbinu hiyo, ingawa visiwa walivyovipendelea ni Saint Helena na Shelisheli. Mwanzoni mwa karne ya 20 Shelisheli ilikuwa imekuwa baraza la ajabu la watawala wasio na nchi: Prempeh wa Asante, Mwanga wa Buganda na Kabalega wa Bunyoro waliishi humo kwa wakati mmoja.

Khalid bin Barghash: nchi isiyokanyagwa

Kwa upande wa Zanzibar, kisa cha Sayyid Khalid bin Barghash kinajulikana kwa ufupi wa vita vyake. Sultani Hamad bin Thuwaini alipofariki tarehe 25 Agosti 1896, Khalid aliingia katika jumba la kifalme bila idhini ya balozi wa Uingereza. Siku mbili baadaye, saa tatu na dakika mbili asubuhi, manowari za Admirali Rawson zilianza kupiga. Haikutimia saa moja. Watu wapatao 500 wa upande wa jumba waliuawa au kujeruhiwa, na siku hiyohiyo Hamoud bin Mohammed akatawazwa.

Waandishi wengi huishia hapo, wakishangaa vita vya dakika 38. Lakini hadithi ya Khalid iliendelea kwa miaka mingine 31, na kwa historia ya uhamisho sehemu hiyo ndiyo yenye uzito. Alikimbilia ubalozi wa Ujerumani. Waingereza walimdai, ila mkataba wa kurudishiana wahalifu haukuwagusa wafungwa wa kisiasa. Wajerumani waliahidi kumpeleka katika himaya yao bila ya yeye kukanyaga ardhi ya Zanzibar. Tarehe 2 Oktoba bahari ilijaa, mashua ya meli ya Seeadler ikafika hadi kwenye lango la bustani ya ubalozi, na Khalid akatoka katika uwanja wa Wajerumani akaingia moja kwa moja katika chombo cha Wajerumani. Alisafirishwa hadi Dar es Salaam.

Hila hiyo ya maji kujaa inaweza kuonekana kama mzaha wa kidiplomasia. Sivyo. Inaonyesha kwamba pande zote mbili zilijua thamani ya unyayo wa mtu mmoja juu ya mchanga wa kisiwa chake. Na ndiyo maana Waingereza hawakumsahau. Walipomkamata mwaka 1917, katika vita vya Afrika Mashariki, hawakumpeleka Zanzibar kwa kesi. Walimpeleka uhamishoni Saint Helena na Shelisheli. Baadaye aliruhusiwa kurudi Afrika Mashariki, na alifariki Mombasa mwaka 1927. Mombasa ni Uswahilini, ni ndugu, ni lugha ileile na adhana ileile. Lakini si Unguja. Alirudishwa hadi pwani, si hadi nyumbani.

Umbali huo wa mwisho, mfupi kwa ramani, ulikuwa ndio adhabu yenyewe. Mwaka 1896 hakuwa ametiwa hatiani na mahakama yoyote, na mwaka 1927 hakukuwa na kosa la kusamehewa. Uhamisho ulikuwa tendo la utawala, si la sheria, na kwa hiyo haukuwa na siku ya kumalizika.

Kabalega na njia ya Jinja

Kabalega na Mwanga walikamatwa pamoja tarehe 9 Aprili 1899 katika nchi ya Lango, Kabalega akiwa amejeruhiwa hata akakatwa mkono. Walipitishwa Kismayu, kisha wakafikishwa Shelisheli. Mwanga alifia huko mwaka 1903. Mabaki yake yalirudishwa mwaka 1910 na kuzikwa Kasubi, mwanawe Daudi Chwa akiwa amekwisha kuwa Kabaka tangu utotoni. Kabalega aliishi uhamishoni zaidi ya miaka ishirini. Aliruhusiwa kurudi mwaka 1923, mzee, akiwa amebatizwa kwa jina la Yohana. Alifika Jinja, akafariki hapo tarehe 6 Aprili kabla ya kuiona Bunyoro. Mwili ulipelekwa Mparo.

Ulinganisho na Sheikh Yusuf unajileta wenyewe: ruhusa ilitolewa pale ambapo haikuwa na hatari tena. Hakuna haja ya kudai kwamba maofisa wa Uganda walipanga kifo cha njiani. Inatosha kusema kwamba waliusubiri uzee ufanye kazi yake, na kwamba kiti cha Bunyoro kilikuwa na mwenyewe mwingine, mwana wa Kabalega, aliyetawala chini ya Mwingereza.

Uhehe: kichwa kilichokwenda Ulaya

Kati ya visa vyote hivi, cha Uhehe ndicho kinachoonyesha vizuri zaidi kwamba anayerudisha hujirudishia kitu pia.

Tarehe 17 Agosti 1891, huko Lugalo, jeshi la Mkwawa lilikivunja kikosi cha Emil von Zelewski na kumuua kamanda huyo pamoja na sehemu kubwa ya askari wake. Wajerumani walingoja miaka mitatu. Tarehe 30 Oktoba 1894 waliiteka ngome ya Kalenga, lakini Mkwawa hakuwa mikononi mwao, na vita vikageuka kuwa msako. Mwaka 1896 Tom von Prince aliweka kituo cha kijeshi Iringa. Alijaribu kumtawaza Mpangile, ndugu wa Mkwawa, kisha mnamo Februari 1897 akamnyonga kwa tuhuma za kumsaidia nduguye. Zawadi ya rupia 5,000 iliwekwa kwa atakayemleta Mkwawa.

Katika miaka hiyohiyo, kati ya 1896 na 1897, Wabenediktini Wajerumani walianzisha misheni ya Tosamaganga. Jambo hili lastahili kukumbukwa bila kulikuza: kanisa lilijengwa karibu na Kalenga iliyobomolewa, wakati mwenye Kalenga akiwa bado msituni. Miaka ishirini baadaye zamu iligeuka. Waingereza waliichukua Iringa mwaka 1916. Wamisionari Wajerumani wakaondolewa, na kuanzia mwaka 1919 nafasi yao ikashikwa na Wakonsolata, Waitaliano waliokuwa wakifanya kazi Kenya. Wahehe wa Tosamaganga waliwaona hata wale waliokuja kuwafundisha wakiondolewa nchini kwa amri.

Msako ulifikia mwisho Mlambalasi. Kikosi kilichomfuatia Mkwawa kilimkuta amekwisha kufa. Kichwa kilikatwa na kupelekwa kwa Prince, Iringa. Mwili ulizikwa palepale. Kwa askari aliyekikata, kichwa kilikuwa uthibitisho wa kupokelea zawadi. Kwa wale waliokipeleka Ujerumani, kiliingia katika shehena kubwa zaidi ya mafuvu yaliyokusanywa kwa ajili ya elimu ya vipimo vya mbari. Kwa Wahehe kilikuwa kichwa cha mtwa. Maana hizo tatu hazikuwahi kupatana.

Aliyelifufua suala hilo ni Mwingereza Horace Byatt, mtawala wa eneo lililotekwa, aliyependekeza mwaka 1918 kwamba fuvu lidaiwe. Kutokana na hilo Mkwawa aliingia katika Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, kifungu cha 246, na kifungu hicho kinadai kusomwa polepole. Sehemu yake ya kwanza inaitaka Ujerumani imrejeshee Mfalme wa Hijazi msahafu wa Khalifa Uthmani uliochukuliwa Madina. Sehemu ya pili inataka fuvu la Sultani Mkwawa likabidhiwe, ndani ya miezi sita, kwa serikali ya Mfalme wa Uingereza. Msahafu unarejeshwa kwa anayetambuliwa kuwa mwenyewe. Fuvu linakabidhiwa kwa dola nyingine ya kikoloni. Wahehe hawatajwi kama wadai. Mtwa wao alikuwa ameondolewa na mtawala mmoja, na sasa alidaiwa na mwingine kama sehemu ya mali ya koloni lililobadilisha mikono.

Wajerumani walijibu kwamba hawalijui lilipo, na jambo likalala kwa zaidi ya miaka thelathini. Wakati huo huo serikali ya Waingereza ilikuwa imeurudishia uchifu ukoo wa Mkwawa, baada ya Gavana Donald Cameron kuanzisha, kuanzia mwaka 1925, utawala wa kupitia machifu. Kwa maneno mengine, kiti kilikaliwa kwanza. Mwenye kiti akafuata baadaye, akiwa fuvu.

Twining alikwenda mwenyewe Bremen mwaka 1953. Katika jumba la makumbusho aliyakuta mafuvu mengi, kati yake yaliyotoka Afrika Mashariki ya Kijerumani. Uchaguzi ulifanywa kwa vipimo: umbo la vichwa vya jamaa wa Mkwawa waliokuwa hai lililinganishwa na mafuvu hayo, na likachukuliwa moja lenye tundu la risasi. Mashaka juu ya njia hiyo yamekuwapo tangu wakati ule. Kwa hoja ya sura hii, suala la kama mfupa ule ni wa Mkwawa au si wake ni dogo kuliko suala la nani alipewa mamlaka ya kuamua. Gavana alichagua, gavana akathibitisha, gavana akakabidhi. Elimu iliyotumika ilikuwa ileile ya vipimo iliyoyafikisha mafuvu Bremen.

Miezi kati ya Novemba 1953 na Julai 1954

Ni vyema kuitazama kalenda. Tarehe 30 Novemba 1953 Gavana wa Uganda, Sir Andrew Cohen, alimkamata Kabaka Mutesa wa Pili na kumpeleka Uingereza kwa ndege, bila kesi. Ilikuwa njia ya zamani katika chombo kipya. Kenya ilikuwa katika hali ya hatari tangu Oktoba 1952. Wahehe walikuwa na jina katika King's African Rifles, na serikali ya Tanganyika ilikuwa na kila sababu ya kuutunza uhusiano wake nao. Katika muda usiofika miezi saba, basi, Uingereza ilimwondoa mtawala aliye hai upande mmoja wa Ziwa Viktoria na kumrudisha aliyekufa upande mwingine. Maofisa walioyafanya hayo walitoka katika wizara moja ya makoloni. Hakuna mgongano: yote mawili yalikuwa kuamua nani awepo na nani asiwepo mbele ya watu wake.

Mutesa alirudi Oktoba 1955, baada ya kukubali makubaliano yaliyompunguzia madaraka na kumfanya mfalme wa kikatiba. Masharti ya kurudi kwake yaliandikwa na kutiwa saini. Yale ya fuvu hayakuandikwa, lakini hayakuwa magumu kusomeka katika sherehe yenye gwaride na hotuba ya gavana, ambamo Mwingereza alijitokeza kama mtendaji wa haki kwa dhuluma ya Mjerumani. Siku 18 baada ya sherehe ya Kalenga, tarehe 7 Julai 1954, TANU iliundwa Dar es Salaam. Haifai kuyafunga matukio haya mawili kwa kamba ya sababu na matokeo. Inafaa kuona tu kwamba zawadi ya gavana kwa uchifu ilitolewa wakati siasa ilikuwa ikihama kutoka kwa machifu. Adam Sapi mwenyewe aliihama pamoja nayo: mwaka 1962 akawa Spika wa Bunge la nchi huru.

Hapa pana jambo ambalo waliopanga sherehe hawakulimiliki. Wahehe walilipokea fuvu kwa maana yao. Kilichokabidhiwa kama ishara ya wema wa Mwingereza kilipokelewa kama babu, na baada ya uhuru jina la Mkwawa lilichukuliwa na taifa zima kama jina la upinzani. Ndivyo ilivyokuwa pia huko Rasi kwa kaburi la Sheikh Yusuf. Anayepanga kurudi kwa mtu hawezi kupanga kila kitakachofanywa na wanaompokea. Na udhaifu wa baadhi ya tafiti zinazoeleza sherehe ya 1954 kama ujanja wa Twining pekee ni kwamba zinampa gavana uwezo ambao hakuwa nao.

Madai ya sasa

Suala hili halijazeeka. Kichwa cha Mangi Meli wa Old Moshi, aliyenyongwa na Wajerumani tarehe 2 Machi 1900, bado kinatafutwa na jamaa zake. Taasisi ya Urithi wa Utamaduni ya Prussia, jijini Berlin, ilichunguza mafuvu yapatayo 1,100 ya Afrika Mashariki, na mwaka 2023 ikatangaza kwamba vipimo vya vinasaba vimeyaunganisha baadhi yake na jamaa walio hai nchini Tanzania. Novemba mwaka huohuo Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, aliomba radhi mjini Songea kwa maovu ya vita vya Majimaji. Vinasaba ni ushahidi bora kuliko vipimo vya umbo la kichwa, na hilo si jambo dogo kwa ukoo unaosubiri. Lakini maabara iko Berlin, orodha iko Berlin, na ukoo bado unasubiri barua. Makubaliano yoyote ya kurudisha mabaki haya yatapaswa kuulizwa yale ambayo kifungu cha 246 hakikuulizwa: yanakabidhiwa kwa nani, nani anathibitisha, na yanapelekwa hadi wapi.

Swali la mwisho lina jibu la kuonekana huko Iringa. Fuvu liliwekwa Kalenga, ambako sasa limo katika jumba la makumbusho, na wageni hulitazama kupitia kioo. Mwili uko kaburini Mlambalasi. Ng'ambo ya bahari imekwisha kuvukwa. Kati ya Kalenga na Mlambalasi, hadi leo, safari haijamalizika.